Tusiishie kufunga nzi wa wenzetu

Wadau, nimepotea kidogo. Kazi za chumba cha habari zinabana, na mhariri akikuona umekaa anadhani huna stori. Leo naomba tuache siasa pembeni tuongee kuhusu nzi.

Sio hawa wa jalalani. Nazungumzia nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Wapo wavuvi duniani ambao hawashiki chambo kingine. Wanavua trauti, samaki wa maji ya baridi, na kila msimu wananunua nzi kwa dazeni maana wengine wanang'ang'ania kwenye mawe na wengine wanaondoka na samaki. Ni biashara kubwa kuliko unavyodhani. Jirani zetu Kenya wamo ndani yake tangu enzi za mkoloni, na hadi leo nzi wanaofungwa kwa mikono Nairobi na vitongoji vyake wanauzwa Ulaya na Marekani.

Nimeingiaje huko? Kwa sababu ya binamu yangu. Dogo alimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ambayo ukoo unayazungumza kwa sauti ya chini. Akakaa Kibaha bila mchongo mpaka alipoona video ya mtu anafunga nzi. Akamwomba fundi wa kuchomelea amtengenezee jiliwa dogo la mezani la kushikia ndoana, akaanza. Aliyempenda ni mdudu mmoja ambaye Waingereza wanamwita stonefly. Jina lake la Kiswahili sijawahi kulisikia, kwa hiyo sisi tunamwita nzi-mawe. Akiwa tunutu, yaani bado hajapata mabawa, anaishi chini ya mawe kwenye mito ya kasi, na trauti wanampenda kama sisi tunavyopenda chipsi mayai.

Kilichonifurahisha ni vifaa. Kibaha kuku sio shida, na manyoya yake yanatupwa bure. Shingo ya jogoo wa kienyeji ina unyoya mgumu unaofaa kuzungushwa kwenye ndoana. Shangazi yetu wa Kisarawe anafuga kanga, na unyoya wa kanga wenye madoa ndio mguu wa nzi-mawe ulivyo. Waya wa shaba unatoka kwenye mota mbovu, miguu inayochezacheza inatoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande vyembamba, na manyoya laini ya mwili yanatoka kwa sungura. Kichwa kinafungwa kwa rangi ya kucha ya dada yake, jambo ambalo limeleta ugomvi zaidi ya mara moja. Cha kununua ni ndoana na uzi tu.

Akapata oda. Jamaa mmoja anayeongoza wageni wa uvuvi aliagiza dazeni kumi. Dogo na rafiki yake wakakesha wiki mbili. Mzigo ukaenda, na dazeni tatu zikarudi. Hawafanani, jamaa akasema. Wengine vichwa vinene kama nyanya chungu. Wengine mikia mitatu, wengine miwili.

Mimi msomi wa chuo kikuu nikatoa ushauri wangu: punguza bei, ongeza kasi, wakirudisha tatu utakuwa umeuza ishirini. Leo nauonea aibu ushauri ule. Ndio ushauri tunaowapa vijana wengi wa nchi hii, na ndio unaowaweka pale walipo.

Dogo hakunisikiliza. Aliniuliza swali moja: "Kaka, wewe umewahi kumwona huyu mdudu?" Sijawahi. Naye hajawahi. Alikuwa anaiga picha ya mtu aliyeiga picha.

Basi Jumamosi moja tukaenda Mlandizi kumtafuta kwenye Ruvu. Mzee mmoja akatukuta tunachungulia ukingoni. Shikamoo mzee, marahaba, mnatafuta nini wanangu? Wadudu, mzee. Akatutazama kwa huruma, akatuambia mto ule una mamba na mamba hajali kama umesoma. Tukaondoka. Hata hivyo maji ya pale yanakwenda taratibu juu ya tope, na nzi-mawe anataka mawe na maji yanayochafuka povu kwa kasi, maana anahitaji hewa nyingi ndani ya maji. Kisarawe nako tulipiga vijito viwili, tukapata mchanga mtupu.

Tukakumbuka kwamba Ruvu haianzii Mlandizi. Maji yake yanatoka milima ya Uluguru. Wiki mbili baadaye tukapanda basi la Morogoro, tukaukwea mto unaoshuka kutoka mlimani hadi juu ya mji, ambako maji bado ni baridi na safi. Jiwe la tatu nilipoligeuza, huyo hapo, ameganda kama chapa.

Ndugu zangu, dakika ile moja ilitufundisha kuliko video zote. Mikia ni miwili. Mikia mitatu ni ya mdudu mwingine kabisa, ambaye naye yumo mtoni humo humo. Dogo alikuwa amechanganya wadudu wawili kwenye ndoana moja. Kifuani, penye mashina ya miguu, kuna vishada vyeupe vya kupumulia ambavyo yeye hakuwahi kuviweka. Mwili umebapa, haukuviringa kama soseji. Na ni mdogo! Wale wakubwa wa Marekani wanafika sentimita tano, huyu wetu hakuzidi kucha ya kidole gumba. Tulipomwachia kwenye maji hakuogelea kishujaa. Alibiringika huku miguu yote sita inatapatapa.

Kurudi Kibaha dogo akaanza upya. Akabapisha mwili kwa kufunga waya pande zote mbili za ndoana kabla ya kuweka sungura. Vishada vyeupe akavipata kwenye vinyoya laini vya kuku wa kisasa, vile ambavyo hata jalala linavichoka. Akaacha uzi wa cherehani, akatumia mwembamba zaidi, na vichwa vikapungua. Kisha akaleta beseni la maji mezani. Kila nzi anatumbukizwa. Akizama kichwa chini au akilala ubavu, anafunguliwa anafungwa tena. Kumi kwa siku badala ya thelathini, ila hao kumi ni mapacha.

Sasa hoja yangu. Katika biashara hii kuna watu wawili, anayefunga na anayebuni. Anayefunga hulipwa kwa dazeni. Anayebuni hulipwa kwa akili: Marekani kampuni kubwa za nzi humpa mbunifu asilimia yake kila nzi wa muundo wake anapouzwa, na jina lake linabaki kwenye katalogi hata akiwa amelala. Wafungaji wengi wa Afrika Mashariki wana vidole hodari kupita kiasi, lakini wanafunga miundo ya watu wengine. Vidole vyetu, jina lao.

Na hao wenye majina hawakuzaliwa na siri yoyote. Charles Brooks, mvuvi wa Montana aliyeandika kitabu Nymph Fishing for Larger Trout mwaka 1976, aliingia ndani ya maji kutazama matunutu yanavyokwenda. Kutokana na alichokiona humo, akafunga nzi-mawe anayefanana pande zote. Muundo wake unafungwa hadi leo. Alichofanya ndicho tulichofanya sisi kule Morogoro. Tofauti ni kwamba yeye aliandika na kukipa kitu chake jina.

Najua kuna mdau ataniambia: wewe una mshahara, dogo ana njaa, njaa inasubiri dazeni, haisubiri ubunifu. Ni kweli, na dogo bado anafunga oda za watu. Sisemi aache. Nasema siku moja kwa wiki iwe ya nzi wake mwenyewe, na daftari la kuandika kila anachobadilisha na kwa nini. Anayeishia kushusha bei atakutana na mwenye njaa kumzidi, kama si Nairobi basi Asia. Aliyegeuza jiwe mwenyewe ana kitu ambacho mwingine hana.

Kuna la mwisho. Nzi-mawe hakai kwenye maji machafu. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Lulu Kaaya walichapisha njia ya kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kutazama wadudu wanaoishi humo, na huyu ni miongoni mwa wale ambao kuwepo kwao ni habari njema. Maji ya mto ule yanaishia kwenye Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywewa Kibaha na Dar es Salaam. Siku tutakapogeuza mawe ya Uluguru tukamkosa, dogo atakuwa amepoteza mwalimu, na sisi tutakuwa na tatizo kubwa kuliko nzi.

Dazeni tatu zile zimefungwa upya, zimepelekwa, na safari hii hakuna aliyerudi. Muundo mpya bado hauna jina. Dogo anataka kuuita Kibaha. Shangazi anasema kanga ni wake, uitwe Kisarawe.

Nyie mnasemaje?