Neno Moja, Maana Tatu, na Mwalimu Kanyamaza

Wadau, hebu tuseme ukweli. Wengi hawakimbii sayansi kwa sababu ni ngumu. Wanaikimbia kwa sababu neno lile lile linabadilika maana ukihama darasa, na hakuna anayewaambia.

Chukua neno la Kiingereza "dispersion". Kamusi itakwambia ni mtawanyiko, basi. Haya, twende nalo shuleni.

Kwenye fizikia, mwanga mweupe unapita kwenye kioo cha pembetatu, unatoka na rangi za upinde wa mvua. Newton alichapisha habari hiyo 1672. Ndani ya kioo kila rangi ina mwendo wake, ndio maana urujuani unapinda zaidi ya nyekundu. Na si mambo ya kitabuni tu. Kebo ya TEAMS iliyofika Mombasa 2009 kutoka Fujairah inabeba intaneti kwa mwanga, chini ya bahari, karibu kilomita 5,000. Mwanga wa rangi zinazokaribiana haufiki kwa pamoja, kwa hivyo mapigo yake yanatanuka na kuanza kuingiliana. Wahandisi lazima walirekebishe hilo, ama ujumbe unafika umevurugika.

Ukiingia kemia, mtawanyiko sasa ni tui la nazi. Matone madogo ya mafuta yamesambaa ndani ya maji, na protini za nazi zinayazuia yasiungane. Liache tui usiku kucha, zito linapanda juu. Lichemshe bila kukoroga, linakatika. Hapo hakuna habari ya rangi wala mwendo wa mwanga. Maziwa na rangi ya ukutani ni jamii hiyo hiyo.

Hujapumua, kemia hiyo hiyo inakuletea nguvu za mtawanyiko za London. Si jiji! Ni Fritz London, mwanafizikia Mjerumani, aliyezieleza 1930. Elektroni za atomu hazitulii. Zikiegemea upande mmoja kidogo tu, atomu jirani nayo inayumba, na hizo mbili zinavutana. Mjusi kafiri anatembea darini bila gundi kwa msaada wa mvutano wa jamii hii, kupitia vinywele vidogo mno vya vidoleni mwake. Sasa mtoto ajiulize: kitu kinachovuta pamoja kinaitwaje mtawanyiko?

Jibu lipo, tena tamu. London aliona hesabu za mvutano huo zinafanana na zile zinazoeleza mwanga unavyogawanyika rangi ndani ya vitu. Jina akalitoa huko. Yani maana ya kwanza na ya tatu ni ndugu, ya pili ni jirani tu. Hiyo ni dakika moja ya mwalimu. Mimi nilikaa chuo mpaka nikatoka, na dakika hiyo sikuipata.

Kuna watakaosema mbona hata Kiswahili kina "kaa" wa baharini, kaa la moto na kaa kitako. Sawa. Lakini mtoto wa Shanzu hizo kaa zote amezikuta nyumbani. Neno la maabara analisikia darasani pekee, akichanganyikiwa hana pa kuuliza. Kwenye mtihani anajibu tui palipotakiwa mwanga, kisha anaambiwa hana kichwa cha sayansi. Na sai, wanaojiandaa kuingia gredi ya 10 wanachagua mikondo. Mtu anaacha sayansi maisha yake yote kwa sababu ya jina!

Maoni yangu ni haya. Walimu wa fizikia na kemia wakae meza moja, wawaambie watoto mapema neno gani lina sura ngapi. Na sisi tunaoeleza sayansi kwa Kiswahili tusinakili mkanganyiko wa wenyewe. Mwanga tuuite mchambuko wa rangi, tui libaki mtawanyiko, na zile nguvu tuziite mvutano wa London. Maana tatu, majina matatu, kwisha.

Niambie kwenye komenti: neno gani la sayansi lilikuvuruga, na nani alikufungua macho?