Ufunguo Kabla ya Kombe

Ubavuni mwa kila meza ya pool inayokula sarafu kuna kufuli. Jioni mwenye meza huja na ufunguo wake, akafungua, akahesabu siku ilivyokwenda. Kwa ufunguo huohuo angeweza kuiachia mipira yote itiririke bila mtu kutia hata shilingi. Huwa hafanyi hivyo, na halaumiwi: meza aliinunua kwa jasho lake, au ameikodi kwa mtu anayesubiri hesabu. Lakini kwa kijana wa Lukuledi, wa Newala mjini au wa kijiji chochote kati ya Masasi na Tandahimba anayetaka kufika kwenye mashindano, safari yote inaanzia kwenye kufuli hilo. Kwa wengi inaishia hapohapo.

Foleni ya mezani haina daftari. Anayetaka kucheza anaweka sarafu yake ukingoni mwa meza, nyuma ya sarafu za waliotangulia. Zamu ikifika anaitumbukiza, anapanga mipira, anamkabili aliyeshinda mchezo uliopita. Akishindwa, anarudisha fimbo na kwenda kutafuta sarafu nyingine. Aliyemshinda anabaki mezani na hatoi kitu. Kwa hiyo fundi hucheza bure jioni nzima, na mwanafunzi ndiye anayemlipia. Yule anayehitaji meza kwa saa tatu anaipata kwa dakika nane, na katika dakika hizo nane fimbo iko mikononi mwa mpinzani wake muda mwingi. Bao halifundishwi hivyo. Chini ya mwembe mzee mwenye bao lake hamkatazi mtu kutazama, na kinda akifungwa mara ishirini mfukoni hakujatoka kitu. Hata soka, ukikosa mpira wa dukani, kuna wa matambara.

Chukua meza inayokula shilingi 200 kwa mchezo. Kijana anayepoteza michezo 10 kwa siku, siku sita za wiki, ametumia shilingi 12,000. Kwa wiki nne ni 48,000. Mwishoni mwa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha hiyo ilikuwa sawa na kilo 14 na nusu za korosho iliyookotwa, ikaanikwa, ikachambuliwa na kubebwa hadi ghalani. Na kwa gharama hiyo yote kijana hajapata hata saa moja na nusu ya meza kwa siku.

Ndiyo maana kalenda ya pool kusini inafuata kalenda ya mkorosho. Minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, huanza Oktoba. Malipo yakiingia, meza hazipoi hadi usiku wa manane. Ikifika Machi au Aprili nguo ya kijani inashika vumbi, na vijana wamerudi kwenye palizi au wamepanda basi kwenda Mtwara na Dar es Salaam kutafuta vibarua. Mchezaji anapanda kiwango kwa miezi minne, kisha anakaa minane bila kugusa fimbo. Hakuna mwanamichezo wa aina yoyote anayeweza kujengwa kwa ratiba hiyo.

Anayetaka kuendelea bila fedha ana njia moja iliyo wazi, nayo ni dau. Anacheza kwa elfu moja, kwa elfu mbili, ili ushindi wa leo umlipie mazoezi ya kesho. Hapo ndipo mzazi anapoingiwa na hofu, na hofu yake ni ya haki. Meza iko baa au jirani na baa, mchezo unakwenda usiku, fedha zinapita mikononi, na mtoto wa miaka kumi na sita yuko katikati. Mzazi Mwislamu wa Newala na mzazi Mwanglikana wa Masasi wana neno moja kuhusu pool, na neno hilo si zuri. Serikali nayo imeutazama mchezo huu kwa jicho hilohilo. Machi 2016, alipokuwa akiwaapisha wakuu wa mikoa wapya, Rais John Magufuli aliwataka wahakikishe watu wanafanya kazi, na akawataja vijana wanaocheza pool asubuhi. Baada ya hapo, katika miji mingi, kusimama mezani kabla ya jioni kukawa jambo la kumfanya mtu atazame nyuma kila gari linapopita.

Agizo lile lilikuwa na sababu. Nguvu kazi inayolala mezani saa tatu asubuhi ni hasara kwa familia na kwa nchi. Lakini saa za asubuhi ndizo meza inapokuwa wazi, baa haina mlevi na mwanga ni wa bure. Amri isiyotenganisha mazoezi na uzururaji imewasukuma vijana kwenye saa ambazo mazingira ya mchezo ni mabaya kuliko yote.

Mchezo huu umewahi kuwa na miaka yake mizuri Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Chama cha Pool Tanzania, TAPA, kilikuwa na mdhamini wa uhakika: Kampuni ya Bia Tanzania, kupitia bia yake ya Safari. Klabu zilishindana mikoani, washindi wakaenda fainali za taifa, wakawepo wa timu na wa mmoja mmoja, wanaume na wanawake, na vyuo vikuu vikapata mashindano yao. Watu waliokuwa wakiitwa wahuni walivaa sare, wakapanda basi la timu, majina yao yakatoka magazetini. Gazeti hili linaikumbuka kazi hiyo kwa heshima. Hata hivyo kulikuwa na ukuta ndani yake. Bia haiuzwi kwa walio chini ya miaka 18, kampuni zenyewe huandika hivyo kwenye kila tangazo, kwa hiyo mdhamini huyo asingeweza kumlea mchezaji wa miaka kumi na minne hata angependa. Pia fedha za udhamini wa namna hiyo huelekea zaidi kwenye fainali: zawadi, sare, nauli, ukumbi. Anayezipata ni yule ambaye tayari anajua. Ni foleni ileile ya sarafu, ila imekuwa kubwa.

Na kujua kwenyewe kuna tabaka. Pool ya mashindano ya kanda hii ni ya meza ndogo ya futi saba: mipira 7 myekundu, 7 ya njano, mmoja mweusi, na ule mweupe unaopigwa kwa fimbo. Kanuni za mchezo huo, uitwao blackball, zinataka kwamba baada ya mpira mweupe kugusa mpira halali, ama mpira uingie shimoni, ama mpira wowote ugonge ukingo. Usipofanya hivyo umekosea, na mpinzani anaanza na pigo huru. Mtaani watu wengi hawaihesabu kanuni hiyo. Kijana anaweza kuwa bingwa wa kijiji kwa miaka mitatu, akafika mkoani, akagusa mpira wake polepole ili kumficha mpinzani njia, akasikia mwamuzi anataja kosa ambalo hajawahi kulisikia maishani. Tangu hapo mkono unatetemeka.

Mtaani, tena, watu wanasifu pigo la nguvu. Mpira ukiingia kwa kishindo kibanda kizima kinashangilia. Hakuna anayemshangilia aliyeusimamisha mpira mweupe shibiri moja kutoka alipotaka, ingawa hiyo ndiyo kazi yenyewe: kutia mpira huu huku umeshajua wa tatu utaupigia wapi. Kujifunza hivyo kunataka upange mpira mmoja mahali pamoja na kuupiga mara hamsini, ukibadilisha kila safari sehemu unayougusa ule mweupe, juu, chini, kushoto, kulia. Kwenye meza ya sarafu jambo hilo haliwezekani. Mpira uliokwisha kuingia shimoni hautoki mpaka utie sarafu nyingine au mtu alete ufunguo.

Efren Reyes alikuwa na ufunguo. Alizaliwa 1954 mkoani Pampanga, Ufilipino, na akiwa na miaka mitano alipelekwa Manila kuishi kwa mjomba wake aliyekuwa na ukumbi wa pool. Mtoto huyo alifanya kazi za ukumbini na usiku alilala juu ya meza. Alikuwa mfupi, akasimama juu ya makreti ya soda ili aifikie mipira. Mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kushinda mashindano ya wazi ya Marekani ya mipira tisa, na 1999 akawa bingwa wa dunia huko Cardiff. Kipaji chake hakina ubishi. Lakini angezaliwa kwenye kibanda ambacho kila mpira una bei, na mjomba hayupo, kipaji hicho kingeonekana kwa nani?

Karibu zaidi na nyumbani kuna Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, ambako Robert Katende alianza kuwafundisha watoto sataranji mwaka 2004. Watoto walivutwa na kikombe cha uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alipata daraja la kimataifa la wanawake baada ya Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul, 2012. Gharama ya mwanzo ilikuwa ubao, kete, uji na mtu mzima mmoja aliyekuja siku baada ya siku bila kukosa. Hakukuwa na kombe.

Kwa wilaya za Masasi, Newala na Tandahimba, gazeti hili linapendekeza kuanza na Jumamosi asubuhi. Katika kila kata yenye meza, mwenye meza mmoja akubali kuifungua kwa saa tatu, bia ikiwa imefungiwa ndani, bila dau, na mchezaji mkongwe akiwa kocha. Vijana waandikwe kama klabu kupitia ofisi ya utamaduni na michezo ya wilaya, ili polisi jamii akipita akute orodha na jina la msimamizi. Kanuni zitafsiriwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Wasichana wapewe saa zao, kwa sababu binti ambaye mama yake hawezi kumruhusu kukanyaga baa usiku anaweza kuruhusiwa kwenda klabu saa tatu asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri.

Fedha ipo, na haitakiwi itoke kwa mkulima. Makato kwenye kilo ya korosho yametosha, na pendekezo lolote la kuongeza jingine kwa ajili ya michezo litapingwa hapa kwanza. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa meza kama wengine wanavyokopa bodaboda. Jioni meza inafanya biashara na kurejesha mkopo. Jumamosi asubuhi inakuwa shule. Tena, tangu mwaka wa fedha 2021/22 sehemu ya kodi ya kubeti matokeo ya michezo, asilimia 5, huelekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Vijana wa kusini wanabeti kama wa kwingine. Ni haki yao kuona sehemu ya fedha hiyo ikirudi kama nauli ya kwenda mashindano ya mkoa.

Wapo watakaouliza pool ina kipaumbele gani kwenye uwanda wa Makonde, ambako vizazi vya akina mama vimeshuka mabondeni kufuata maji. Swali hilo ni zito. Hakuna anayeomba bomba ligeuzwe meza. Kinachoombwa hapa ni mkopo unaorudi, saa tatu za wiki na kibali cha kuzitumia bila woga.

Kuna jambo jingine, dogo lakini la hapa kwetu. Kishikio cha fimbo nzuri mara nyingi hutengenezwa kwa mti mzito mweusi, unaoifanya fimbo itulie mkononi. Kusini mwa Tanzania kuna mpingo, na Wamakonde wameuchonga kwa ustadi unaojulikana duniani kote. Mchongaji wa Masasi anayekaa na fimbo moja ya kiwandani kwa wiki moja, akaipima na kuielewa, anaweza kuwatengenezea vijana wa kata yake fimbo zisizopinda. Zile zinazoegeshwa ukutani vibandani nyingi zimepinda, na kocha hawezi kunyoosha mkono wa mtoto kwa fimbo iliyopinda.

Wenye meza walioko Lukuledi, Masasi mjini, Newala na Tandahimba wanaombwa waandike kwa gazeti hili jina la kata, idadi ya meza na saa wanazoweza kuzifungua. Wachezaji wakongwe walio tayari kufundisha waandike pia. Majina yatapelekwa kwa maofisa michezo wa wilaya kabla minada ya korosho ya Oktoba haijaanza.