Kopo la mchuuzi na sindano ya insulini

Asubuhi mwaloni Kibirizi, Kigoma, boti zikipakia, hukosi kumsikia mchuuzi na kipaza sauti chake. Kopo lake, anasema, linaondoa sumu, linasafisha mishipa, linamaliza kisukari. Kama hasara ingekuwa ya fedha tu, tungenyamaza. Kinachotutisha ni neno lake la mwisho: ukishaanza hili, achana na sindano.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wateja anao.

Na sumu anayoitaja si uongo mtupu. Mwana Kigoma anajua mawese yakiachwa wazi juani yanavyokuwa: wekundu unapauka, yanachacha, yananuka. Ni kazi ya oksijeni. Ndani ya seli nako oksijeni huzaa chembe kali zinazochachua mafuta na kujeruhi protini. Mwili una kinga ya kuzizima, lakini sukari ikifurika kwenye damu, mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, huzitoa kupita uwezo wa kinga hiyo. Macho, figo na neva za miguu huumia hivyo, kimyakimya. Lehemu mbaya nayo, ikichachuliwa ndani ya ukuta wa mshipa, hujenga utando unaoziba njia ya damu.

Insulini huikabili hali hiyo kwenye chanzo chake: sukari ikishuka, vinu vinatulia. Statini, vidonge vya kushusha lehemu, hufanya kazi kwenye ini na pia hupoozesha kimeng'enya kinachozalisha chembe hizo kwenye kuta za mishipa. Na kopo? Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la watu zaidi ya 20,000, karibu 6,000 kati yao wakiwa na kisukari. Simvastatini, mojawapo ya statini hizo, ilipunguza mishtuko ya moyo na kiharusi kwa takriban robo. Vitamini E, C na beta-karotini, vizimaji vya chembe ambavyo makopo kama hili hujivunia, zilizopimwa kwa watu haohao, hazikupunguza kitu. (Beta-karotini ni miongoni mwa rangi zinazoyapa mawese wekundu. Anayelipia kopo anayo tayari jikoni.)

Mchuuzi anajua pa kujificha. Tangu 2019 chakula kinasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) na dawa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mkaguzi akifika, kopo ni lishe. Mgonjwa akifika, ni dawa.

Lakini tusimlaumu yeye peke yake. Kopo halihitaji friji. Chupa ya insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na katika vijiji vya mwambao ambako boti ndiyo barabara, friji ni za kuhesabu. Mgonjwa anayejidunga insulini iliyopikwa na joto, sukari yake haishuki, naye ana haki ya kuuliza sindano inamsaidia nini. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, kivulini, huipoza chupa inayotumika. Wangapi wamefundishwa hivyo siku walipoandikiwa dawa?

Halmashauri zitenge fedha za friji za sola kwa zahanati za mwambao, na insulini iwemo ndani. TBS na TMDA wapande boti moja, waanzie Kibirizi alfajiri, kabla kipaza sauti hakijawashwa.