Mnapima umbali wa dunia ipi?

Jamani, leo tuzungumzie teknolojia kidogo. Msikimbie!

Kuna vifaa vinavyopima umbali mfupi kwa mawimbi ya redio: ufunguo na gari lake, simu na simu ya jirani. Kabla ya kuvitengeneza, wahandisi huviiga kwanza kwenye kompyuta. Swali langu: wanaiga dunia ipi? Hii yetu yenye kuta, vyuma na saa zisizokwenda sawa, au ya peponi?

Angalieni hesabu. Wimbi la redio husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja, yaani sekunde ukiigawa mara bilioni. Kifaa cha kwanza kinatuma ujumbe, cha pili kinasubiri, tuseme, milisekunde moja ndipo kinajibu. Muda wa kusubiri unatolewa, unaobaki unagawanywa kwa mbili. Sasa saa zao zikipishana kwa sehemu 20 tu katika milioni, kosa ni nanosekunde 10. Mita tatu nzima! Dawa ipo: kuongeza ujumbe wa tatu ili kosa lijifute. Lakini kama saa zote za kwenye kompyuta umezifanya sahihi, utatafutaje dawa ya ugonjwa usiouona?

Na vyuma je? Mwaka 2020 programu za simu za kufuatilia korona zilikadiria umbali kwa nguvu ya mawimbi ya Bluetooth. Watafiti wa Trinity College Dublin, huko Ireland, wakapima ndani ya tramu, ambako mawimbi hudunda kila upande. Vigezo vya Uswisi na Ujerumani havikutoa tahadhari hata moja, ingawa simu kadhaa zilikuwa chini ya mita mbili. Vya Italia viligundua nusu ya waliokaribiana, na vikawasingizia nusu ya waliokuwa mbali. Si bora urushe shilingi? Na hapo tunazungumzia afya za watu!

Mtasema kuiga ni mwanzo tu, majaribio ya kweli yatafuata. Sawa. Lakini tarakimu tamu ya kwenye kompyuta ndiyo inayowahi magazetini, na sisi waandishi ndio tunaoibeba.

Kwa hiyo, wenzangu wa kalamu, kampuni ikitamba na "sentimita 10", tuiulize mawili. Saa zilipishana kiasi gani? Katikati palikuwa na ukuta? Wakikosa jibu, habari hiyo isubiri.

Au mnaonaje?