Stara na Usalama Chini ya Maji

Mwanamke mwenye mwili uliojaa anayetaka kujifunza kupiga mbizi, iwe Mafia au Pemba, hukutana na kikwazo kabla hajaigusa bahari: vazi la mpira. Likimtosha nyonga, humpwaya kiunoni. Likimkaa kiunoni, humbana kifuani. Wengi hudhani kasoro ni ya miili yao, ilhali ni ya vipimo vya kiwandani.

Vazi hilo huingiza maji kidogo, nayo hupashwa joto na mwili. Likipwaya, maji mapya hupita na kuliondoa joto hilo. Likibana kifua, kupumua huwa kazi. Kwa hiyo kuchukua saizi kubwa ili kuficha umbo hakuleti stara wala usalama.

Dada yangu, usichague kwa uzito na kimo pekee. Pima kifua, kiuno na nyonga, ushonewe lako. Au chukua linalokutosha penye upana zaidi, fundi mjuzi apunguze kiuno. Kabla ya kulipa, vuta pumzi kamili, inua mikono, chuchumaa.

Stara itafutwe katika vazi la pili: gauni jepesi, pana, lifikalo magotini, livaliwe juu ya mpira na chini ya jaketi la kuelea na mkanda wa uzito, ili vifungo vya dharura visifunikwe. Mwalimu, ikiwezekana awe mwanamke, alikague kwanza.

Stara tumeamrishwa, na uhai ni amana. Tusiache kimoja kwa kisingizio cha kingine. Wallahu a'lam.