Namba za Watu Ndani ya Simu Yako ni Amana



Siku za karibuni, baada ya darsa ya alasiri hapa Jadida, alinijia mama mmoja na simu mkononi. Alikuwa amepokea ujumbe kutoka namba asiyoijua. Ujumbe ulimtaja kijana wa jirani yake kwa jina, ukasema ni mdaiwa sugu na mwizi, na ukamtaka mama huyo amwambie alipe. Ujumbe huo huo ulimfikia mwalimu wa kijana, mjomba wake aliyeko Maskati, na baba wa msichana aliyemposa. Posa ikasimama. Mama akaniuliza: "Sheikh, mimi sikukopa wala sikumdhamini mtu. Namba yangu wameipata wapi?"

Wameipata kwa kijana mwenyewe, naye hakujua kuwa anaitoa. Programu nyingi za mikopo ya simu, pale unapoziweka tu, huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina na namba, picha, hata ujumbe wako. Mtu ana shida, anabonyeza "kubali" bila ya kusoma. Siku akichelewa kulipa, orodha ile inageuzwa fimbo: haendewi yeye peke yake, wanaendewa watu wake.

Si jambo la kijana mmoja. Mwezi wa Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila ya leseni, ikawatahadharisha wananchi nazo. Kwa jirani zetu wa Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia namba za watu wengine kuwatumia ujumbe na simu za vitisho.

Si siri yako peke yako

Watu wengi tukiwaonya husema: "Mimi sina cha kuficha." Hapa ndipo kosa lilipo. Mama yule hakufungua programu yoyote, na namba yake imetoka. Vilivyomo ndani ya simu yako vingi si vyako. Ni vya mkeo, mama yako, jirani yako, mwanafunzi wako. Walikuaminia wewe, hawakumuaminia mfanyabiashara usiyemjua.

Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akizungumza nawe kisha akageuka kutazama pembeni, maneno yake yamekuwa amana. Hakusema "usimwambie mtu". Kule kutazama kwake kumetosha. Na Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume. Mtume akamkemea vikali, akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Sisi watu wa Pemba hatuingii nyumba ya mtu bila ya hodi, na Suratun-Nur aya ya 27 ndiyo iliyotufunza adabu hiyo. Basi vipi tunazuia mgeni mlangoni, kisha tunampitisha mgeni asiyejulikana kwa dirisha la simu?

Watoto, wagonjwa na biharusi

Mikopo ni mlango mmoja tu. Mwingine ni picha. Biharusi anapambwa ukumbini mbele ya wanawake wenzake kwa kuamini kuwa hapo hapana wanaume. Mgeni mmoja anarusha picha kwenye kikundi cha familia, na kabla ya Isha imeshafika Dar es Salaam na Dubai. Mgonjwa amelala hajiwezi, anapigwa picha ili aombewe dua. Dua ingetosha kwa jina lake, na pengine hata bila ya jina. Mtoto wa madrasa amekosea kusoma, watu wanacheka, video inabaki miaka na miaka.

Walimu wenzangu, nasi tumo. Septemba hiyo hiyo ya 2023, skuli moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutoa picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazee wao. Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ya kupokea malalamiko. Lakini Muislamu asingoje faini ndipo aombe ruhusa.

La kufanya

Kwanza, kijana yule alipe rasilimali aliyoichukua, kwani deni ni deni. Ama ziada ya riba, hiyo ni haramu, na mkopo wa namna hiyo haufai kuingiwa tangu mwanzo. Mdai naye hana haki ya kumvunjia heshima: Suratul-Baqarah aya ya 280 imeamrisha mwenye dhiki apewe muda.

Pili, kijana awaombe radhi wote ambao namba zao zimetoka kupitia kwake. Hakukusudia, lakini amana imepotea mkononi mwake.

Tatu, aliyepokea ujumbe ule aufute. Kuupeleka mbele ni kueneza aibu ya ndugu yako, na anayemsitiri Muislamu ameahidiwa sitara ya Allah. Kwa baba wa msichana nasema: Suratul-Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe khabari kabla ya kuhukumu. Mwite kijana, msikilize, kisha uamue.

Nne, leo hii fungua mipangilio ya simu yako, utazame programu zipi zina ruhusa ya kusoma namba na picha zako, uondoe zisizohitaji. Piga *106# ujue namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Wazee wasiojua kusoma wasaidiwe na watoto wao, kwa upole.

Tano, kabla ya kurusha picha ya mtu, muulize. Akiwa mtoto, waulize wazee wake. Akinyamaza kwa haya, ukimya wake usiufanye ruhusa.

Nilimuomba mama yule aniachie nizungumze na pande mbili. Akakubali, akaufuta ujumbe mbele yangu. Baba wa msichana ameahidi kukaa na kijana baada ya Ijumaa. Tuwaombee kheri.

Allah asitiri aibu zetu na za watu wetu. Amin.