Simba hakwenda kwa nyanya

Je, msomaji mpenzi, umewahi kumdanganya mtoto wako kwa sababu unampenda? Usijibu haraka. Ningeulizwa swali hilo miaka michache iliyopita ningejibu la, tena kwa kiburi. Leo jibu langu ni jingine, na lilianza na mbwa ambaye kimo chake hakikuzidi cha paka aliyeshiba.

Tulimwita Simba. Najua fika kwamba Nairobi hii imejaa mbwa wanaoitwa Simba, lakini wetu alichekesha kuliko wote. Alikuwa mfupi, masikio yameanguka, mkia umejipinda kama mkono wa kikombe. Alizaliwa nyuma ya kibanda cha fundi wa viatu karibu na steji yetu, akiwa wa mwisho na mdogo zaidi kati ya vilebu sita. Fundi alinipa kwa shilingi 200 akisema, "Mchukue huyu, mzee, hawezi kuuma hata mfupa." Hiyo ilikuwa 2013, kifunguamimba wetu akiwa bado ananyonya.

Mama watoto alininunia siku mbili nzima. Mbwa wa kulala ndani ya nyumba, alisema, ni wa matajiri wa Karen na Muthaiga, si wa watu wanaopanga vyumba viwili Buruburu. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi jikoni, anamlisha ugali na omena kwa mkono. Nikanyamaza. Mume mwenye busara hujua wakati wa kunyamaza.

Simba alijua saa bila ya kuvaa saa. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni alikwenda kuketi langoni. Matatu zilishusha abiria, watu wakapita makundi kwa makundi, naye hakuinua kichwa. Lakini zikifika hatua zangu, lo! Alijirusha, akazunguka, akapiga mwayo wa furaha, akatangulia mbele kama askari anayemsindikiza mheshimiwa. Siku ambazo mhariri alikuwa amenichania makala vipande vipande, au mshahara umechelewa, kulikuwa na mmoja aliyeniona kuwa mtu wa maana.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na watoto wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, Simba alipandishwa cheo, akawa mwanafunzi. Kitindamimba wetu, msichana wa miaka minne wakati huo, alimketisha juu ya gunia akamfundisha a, e, i, o, u. Mwanafunzi alisinzia, mwalimu akamkaripia. Msichana huyo alijifunza kusoma kwa kumsomea mbwa, na mpaka leo husema kwamba Simba alikuwa anajua herufi zote ila alikuwa na haya.

Hata jirani yetu, mama mmoja mzaliwa wa Lamu, alikuwa na uhusiano wake na Simba. Kwa dini yake hakutaka mate ya mbwa yamguse, nasi tulimheshimu kwa kumfunga kila alipotutembelea. Lakini miezi ya kiangazi nilikuwa naona kopo la maji nje ya lango lake. Nilipomuuliza, alinikumbusha kisa ambacho Waislamu wengi wamekijua tangu utotoni, cha mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kumgusa ni jambo moja, baba," aliniambia, "na kumwacha na kiu ni jambo jingine."

Miaka ikasonga. Watu husema kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na saba ya binadamu, lakini hesabu hiyo si sahihi. Mbwa hukua upesi sana mwanzoni, kisha mbio zikapungua, na mbwa wadogo kwa kawaida huishi zaidi ya wale wakubwa. Simba alifika miaka 11 akiwa na mvi mdomoni. Mapema 2024 tuliona anakunywa maji kuliko kawaida, anakojoa kila mara, na ingawa bakuli lilijazwa, mbavu zilianza kuhesabika. Pumzi yake ikawa na harufu mbaya. Mwezi wa Juni alikataa omena. Hapo mama watoto aliniangalia, nami nikamwangalia, na hakuna aliyesema neno.

Daktari wa mifugo alimpima damu. Ni figo, alitueleza. Figo zikishachakaa kwa uzee hazirudi kuwa mpya. Angeweza kumwekea maji ya mishipani na kumpa dawa za kuzuia kutapika, lakini hizo zingemwongezea siku tu, na siku zenyewe za mateso. Kisha akatueleza njia ya pili. Ni sindano ya dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa kupita kile cha upasuaji. Ubongo hulala kwanza, mnyama hajui tena kitu, ndipo kupumua na moyo vikasimama. Ni mambo ya dakika chache. "Macho hayafumbi," alisema. "Nakwambia mapema usije ukashtuka."

Tulichagua siku ya Alhamisi, watoto wakiwa shuleni. Nilimbeba Simba mikononi, mwepesi kama shati. Mlangoni daktari aliniuliza kama nitaingia naye. Nilimwambia kuna mkutano ofisini. Hapakuwa na mkutano wowote, msomaji. Nilimkabidhi Simba pamoja na mnyororo wake, nikalipa, nikaomba wamzike au wamchome wenyewe, nikapanda matatu. Yule aliyenisubiri langoni miaka 11 sikuweza kumsubiri dakika kumi.

Jioni msichana wetu aliuliza, "Baba, Simba yuko wapi?"

Nikasema, "Amekwenda kwa nyanya, Vihiga. Huko kuna nyasi na hewa safi. Atapona."

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi vya kutosha, ilidumu wiki saba. Kesho yake alitaka kuzungumza na Simba kwa simu. Nilimpigia mama yangu pembeni, nikamwomba anisaidie. Alinijibu, "Mwanangu, mimi sitamwambia mjukuu wangu habari za mbwa nisiyemwona." Basi nikawa natafuta visingizio: leo mtandao ni mbaya, leo Simba ametoka na ng'ombe. Msichana alianza kuweka mifupa kwenye jokofu ndani ya karatasi ya nailoni, zawadi ya safari ya likizo ya Agosti. Sarafu alizopewa za mandazi akaziweka kwenye mkebe ili anunue ukanda mpya wa shingo, mwekundu. Kifunguamimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11 na hadanganyiki kwa urahisi, alikuwa amekwisha tambua. Nilimwomba asimwambie dadake. Nikambebesha mtoto mzigo wangu, na usiku nilimsikia akilia chini ya blanketi polepole, ili asisikike.

Likizo ilipofika, begi lake lilikuwa la kwanza mlangoni. Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nilimketisha kitandani, mamake akiwa kando, nikamwambia, "Simba alikufa. Alikuwa mgonjwa sana, hakuweza kupona. Hakwenda kwa nyanya. Mimi nilikudanganya."

Nilitazamia alie kwa ajili ya Simba. Hakulia. Aliuliza swali moja: "Nilipokuwa nikimtumia salamu, wote mlikuwa mnajua?"

Tulikuwa tunajua.

Aliuliza amezikwa wapi ili akamwone. Sikuwa na pahali pa kumwonyesha. Ndipo machozi yakaja, na hayakukoma hadi alipopitiwa na usingizi.

Lakini jambo lililonishtua zaidi lilikuja wiki tatu baadaye. Nilikwenda Mombasa kikazi kwa siku nne. Mama watoto alinipigia simu usiku wa pili, sauti imekauka. Mtoto alikuwa amemvuta kanga jikoni na kumuuliza, "Mama, baba amekwenda Mombasa kweli, au amekufa?"

Tazama hapo, msomaji. Nilitaka kumwondolea huzuni moja, nikampa hofu juu ya kila safari na kila mlango unaofungwa. Mtoto wa miaka minne au mitano huenda akadhani aliyekufa atarudi kesho, lakini akifika saba au minane wengi huelewa kwamba kifo hakina kurudi. Wangu alikuwa na minane. Angeweza kuuelewa ukweli. Aliyeshindwa kuusema alikuwa mimi.

Kwa hiyo, ikiwa nyumbani kwako kuna mbwa au paka anayezeeka, niruhusu nikushauri mambo niliyoyajua kwa kuchelewa.

Kwanza, tumia neno lenyewe: kufa. Usimwambie mtoto kwamba mnyama "amelala" au "amelazwa." Kwa Kiswahili chetu mgonjwa hulazwa hospitalini na akatoka, na kila mtoto hulazwa kitandani kila usiku. Utamfanya aogope vyote viwili.

Pili, mwache aage. Si lazima aione sindano, lakini ampapase asubuhi ile, amwambie la kumwambia. Nawe mkubwa, ukiweza, ingia. Mnyama anayeondoka akisikia sauti anayoijua hufa kwa utulivu kuliko yule aliyeachwa na mgeni.

Tatu, mzike kwa heshima, shimo refu, mbali na kisima, kwa idhini ya mwenye nyumba. Usimtupe jalalani, wala usimwache mnyama mzee barabarani ajitafutie. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtesa na kumtelekeza.

Nne, na hili ni la wote walio hai: chanjo ya kichaa cha mbwa isikose. Simba wetu aliipata kila mwaka. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akitokwa na mate, akiuma ovyo, usimkaribie. Mwite afisa wa mifugo. Mtoto akiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbizeni hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Huzuni ya kumzika mbwa ni nzito, lakini kuna mazishi mazito zaidi yanayoweza kuepukika kwa chanjo.

Sisi hatukuwa na mwili wa kuzika, kwa hiyo tulizika bakuli. Jumamosi moja ya Septemba tulichimba kando ya lango, pale alipokuwa akinisubiri. Msichana aliweka bakuli, na ule ukanda mwekundu ambao alisisitiza tuununue hata hivyo. Kakake aliweka mfupa. Jirani yetu wa Lamu alisimama ng'ambo ya ua, kopo la maji mkononi. Tulipomaliza kufukia alimpa mtoto, naye akamwagia mche wa mpera tulioupanda hapo. Nilipofika zamu yangu ya kusema, niliomba msamaha. Kwa Simba, kwa kumwacha mlangoni. Kwa watoto, mbele ya jirani, kwa uwongo wangu. Haikuwa rahisi. Baba wa Kiafrika hafundishwi maneno hayo.

Usidhani mambo yalinyooka siku ile. Imani ya mtoto haioti kama mpera. Huo sasa umenipita magoti. Majuzi nilitumwa Kisumu. Alinifuata hadi langoni, akanishika mkono wa begi.

"Kisumu ya kweli, baba?"

"Ya kweli."

Niliposhuka stendi ya Kisumu nilimpigia simu kabla sijanywa hata chai, nikainyanyua juu ili asikie makanga wakiita abiria wa Busia na Kakamega. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Rudi Ijumaa."

Nilirudi Ijumaa. Saa kumi na mbili jioni nilimkuta ameketi langoni, karibu na mpera.